Mtaa wa Kimya Pembezoni mwa Mji: Nitauzoea au Nitajuta?

Swali: Mtaalamu, salamu. Kwa miaka 11 tumeishi katikati ya mji, ghorofa ya pili, madirisha yakitazama barabara kuu. Sasa tumepata nyumba ya kupanga kwenye mtaa wa kimya, pembezoni kabisa. Mume wangu anataka tuhame hata leo. Mimi nasita. Wako wanaoniambia huko ni raha tupu, na wako wanaosema ukimya utanichosha kabla mwaka haujaisha. Tuna mtoto wa miaka 7, mwingine wa miaka 14, na mama yangu mzazi tunaishi naye. Maisha ya mtaa wa namna hiyo yakoje hasa, na nitajuaje kama yatatufaa?

Jibu: Dada, salamu zimefika. Wote hao wanakwambia kweli, ila kila mmoja anakusimulia saa yake. Anayeusifu mtaa wa kimya anakusimulia saa tatu usiku, amekaa nje ya mlango wake, hasikii kitu ila wadudu. Anayeulaani anakusimulia saa tano asubuhi siku ya kazi, mtaa mzima umeondoka, hakuna hata wa kumsalimu. Utakapohamia utaziishi saa zote mbili, tena kila siku.

Nimefanya kazi ya mipango miji kwa miaka mingi, na nimelala kwenye mitaa ya aina zote mbili. Nikibanwa nijibu kwa ufupi, nitasema kwamba mnachokwenda kupanga kule ni umbali, na ukimya ni sura mojawapo tu ya umbali huo. Kinacholizuia lori lisifike dirishani kwako ndicho hichohicho kinachomzuia rafiki asipite kukujulia hali, basi lisisimame karibu, na mwanao wa miaka 14 asifike kwa wenzake bila kuomba apelekwe. Ukilishika hilo, mengi ya mtaa wa kimya utayaelewa kabla hujayaona. Acha nikupitishe kwa kila mtu wa nyumba yako, maana umbali huo hautawagusa sawasawa.

Lakini kwanza masikio, kwa kuwa nadhani ndiyo yaliyochoka.

Kando ya barabara kuu yenye magari mengi, kelele ya mchana hufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 70 na kupita bila shida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo lililoutoa mwaka 2018 kwa ajili ya nchi za Ulaya, linashauri kelele ya magari iwe chini ya wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, na usiku iwe chini ya 45, kwa ajili ya usingizi na kwa ajili ya moyo pia. Desibeli nazo hazijumlishwi kama mawe kwenye kapu. Ukiongeza 10, sikio linahisi sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo ukitoka kwenye 70 ukaenda kwenye 50, unaisikia kama robo ya ile uliyoiacha. Hiyo ni nafuu kubwa, na mwili unaijua kabla kichwa hakijaijua.

Hapo ndipo wengi hukosea mahesabu. Mtu anaona nyumba iko mita 200 kutoka barabara kubwa, anajiambia kelele itakuwa imekufa njiani. Haifi kirahisi hivyo. Sauti inayotoka mahali pamoja, tuseme jenereta, hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Barabara haina mahali pamoja, ni mstari mrefu wa magari, na kelele yake hupungua desibeli 3 tu kwa kila maradufu ya umbali. Kutoka mita 25 hadi mita 200 umeongeza maradufu mara tatu, umepata nafuu ya desibeli 9. Sikio litakwambia kelele imepungua kama nusu, basi. Kinachoivunja kelele kwelikweli ni kitu kigumu kilichosimama katikati: safu za nyumba, ukuta mzito usio na mianya, kilima. Mstari mmoja wa miti unapendeza macho lakini sauti inapenya kama maji kwenye ungo. Nyumba yenu ikiwa nyuma ya safu tatu nne za nyumba nyingine, hiyo ni bahati kuliko kuwa na bustani nzuri inayotazama barabara kwa mbali.

Na usiku una mambo yake. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti iliyokuwa inapanda angani mchana hupindishwa kurudi chini. Ndiyo maana utasikia treni au barabara iliyo mbali sana saa nane za usiku, ambayo mchana usingeamini kwamba ipo. Ukienda kukagua nyumba saa nane mchana ukasema "hapa pako kimya", umekagua nusu ya nyumba.

Sasa usiku wa kwanza kule. Watu wanaotoka barabara kuu huniambia jambo moja kwa namna mbalimbali: hawakulala. Mngurumo uliokuwa unazifunika sauti ndogo umeondoka, na sauti ndogo zote zimepata nafasi. Jokofu linaguna, bati linalia likipoa, saa ya ukutani inakukumbusha umri wako. Halafu kuna mbwa. Kwenye barabara kuu mbwa mmoja hakuna anayemsikia. Kwenye mtaa wa kimya mbwa mmoja ni mkutano wa hadhara. Wengi huzoea baada ya wiki chache. Usishangae pia kwamba ugomvi wa majirani kuhusu kelele uko hai sana kwenye mitaa ya kimya. Watu wamekwenda kule kwa sababu ya ukimya, na aliyelipia kitu hukilinda. Muziki ambao hapo mlipo mnaupiga hakuna anayegeuza shingo, kule utakuletea mtu mlangoni, mpole sana, akiwa amevaa kandambili.

Ukimya huo nao haukuota wenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1869 wasanifu wa bustani na mandhari, Frederick Law Olmsted na mwenzake Calvert Vaux, walichora kitongoji cha Riverside nje ya Chicago, na barabara zake wakazipinda kwa makusudi, ili anayepita aone kwamba hapa hapapitwi mbio. Mwaka 1929, huko Radburn katika jimbo la New Jersey, wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walikwenda mbali zaidi: nyumba zikapangwa kwenye vijia vilivyoziba mwisho, na njia za waenda kwa miguu zikatengwa na za magari. Mantiki ni nyepesi. Barabara isiyotokea upande wa pili haimvutii mtu yeyote isipokuwa anayeishi humo na mgeni wake. Tangu hapo mtindo wa barabara zilizoziba umenakiliwa duniani kote, mara nyingi bila zile njia za miguu, na hilo mimi huliona ni wizi wa nusu: wamechukua ukimya, wameacha mlango wa kutokea.

Matokeo yake utayaona kwa miguu yako. Kituo cha basi unakiona pale juu ya ukuta, mita 100 hivi, lakini hakuna uchochoro wa kupita, kwa hiyo unazunguka kilomita nzima. Mtu akizunguka hivyo mara mbili kwa siku, mwezi wa tatu anaanza kutafuta gari, au anaacha kutoka. Kabla ya kutia saini mkataba, fungua ramani, kisha tembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kituoni ukiangalia saa. Usiulize ni mbali kiasi gani. Dalali atakujibu kwa dakika za gari, tena dakika za Jumapili alfajiri.

Ulizia pia, kwenye ofisi ya mipango ya mji, kama barabara yenu iliyoziba imechorwa kufunguliwa siku za mbele, na kiwanja kitupu cha nyuma kimepangiwa nini. Nimeona familia ikihama kwa ajili ya kimya na mwaka uliofuata uwanja wa jirani ukageuka eneo la ujenzi. Hawakudanganywa na mtu, hawakuuliza tu.

Tuje kwa majirani, na hapa nina habari ambayo pengine hukuitarajia. Watu hudhani barabara yenye shughuli ndiyo yenye ujirani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu inayofanana ya San Francisco, tofauti yake kubwa ikiwa magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, mwingine 16,000. Wakazi wa mtaa wa magari machache walikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani humo na watu sita na kitu wa kufahamiana nao. Wale wa magari mengi hawakufikisha hata rafiki mmoja, na wa kufahamiana nao walikuwa watatu hivi. Walipoulizwa wachore eneo wanaloliona kuwa ni kwao, wa mtaa wa kimya walichora mtaa mzima. Wa barabara ya magari wengine waliishia kwenye jengo lao.

Kwa hiyo kule unakokwenda kuna uwezekano wa kupata majirani wengi kuliko ulio nao sasa. Nasema uwezekano. Mitaa ya Appleyard ilikuwa ndani ya mji, nyumba zimebanana, watu wanapishana mlangoni. Ukichukua uchache wa magari ukaongeza kuta ndefu na geti linalofunguka kwa kidude cha mkononi, mtu anatoka sebuleni hadi kazini bila kukanyaga mtaa, na uwezekano ule unayeyuka. Nimekaa mtaa wa hivyo miaka miwili. Gari la jirani nililijua vizuri. Uso wake niliuona mara ya kwanza siku umeme ulipokatika na geti lake likagoma.

Kuna uchunguzi mwingine wa zamani ninaoupenda zaidi, kwa sababu unasaidia kuchagua nyumba. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili walitoa mwaka 1950 matokeo yao kuhusu nyumba za wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT huko Marekani. Watu hawa waligawiwa nyumba bila kuchagua jirani. Kwenye majengo ya ghorofa, walipoulizwa marafiki zao ni akina nani, asilimia 41 ya walioishi mlango kwa mlango walitajana. Milango ikipishana miwili, ilishuka hadi 22. Mwisho mmoja wa korido na mwingine, 10. Tunazungumzia hatua chache tu! Walioishi karibu na ngazi au visanduku vya barua walikuwa na marafiki wengi, na wale ambao milango yao ilitazama barabarani badala ya uwanja wa pamoja walikuwa na wachache mno. Hawakuwa na tabia mbaya. Mlango wao tu ulikuwa umegeukia upande mwingine.

Kwa hiyo ukienda kuitazama ile nyumba, simama mlangoni ujiulize: nikifungua hapa, naona nini? Ukiona mlango wa mtu mwingine, au mahali watu wanapolazimika kupita, hiyo ni mali. Ukiona ukuta tu, jua kwamba urafiki kule utautafuta kwa juhudi, hautakujia.

Na jirani kwenye mtaa wa mbali si pambo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu na marafiki zako wote watakuwa fimbo ya mbali. Bomba likipasuka usiku, mtoto akizidiwa, anayefika kwanza ni wa mlango wa pili.

Sasa mama. Wewe mwenyewe na mume wako mtaupata mtaa wa kimya pale unapopendeza: jioni, usiku, mwisho wa wiki. Mama ndiye atakayeishi saa tano asubuhi. Hapo mlipo, hata akikaa dirishani tu, ana mji mzima wa kutazama. Anajua muuza magazeti kachelewa, anajua mtoto wa nani kavaa sare mpya. Kule atatazama barabara ambayo lisaa zima hakipiti kitu. Kuna wazee ambao hiyo ndiyo pumziko waliyokuwa wakiiomba, na kuna ambao ni kifungo. Umri haukwambii yupi ni yupi. Muulize yeye, tena umuulize vizuri, maana wazazi wengi wakiulizwa mbele ya watu husema "popote mtakaponipeleka". Mchukue siku ya kazi, mkae kule kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana, bila simu. Atakwambia, au uso wake utakwambia.

Angalia pia kama kuna mahali anaweza kufika kwa miguu yake mwenyewe: benchi lenye kivuli, nyumba ya ibada, duka dogo, chochote kinachompa sababu ya kuvaa viatu. Njia yenyewe iwe na ukingo wa kutembelea. Kwenye vitongoji vingi barabara huwa ya magari tu, na mzee hutembea ukingoni mwa majani akiogopa kuteleza. Akishaogopa mara mbili, ya tatu hatoki.

Mwanasosholojia Herbert Gans alifanya jambo ambalo wataalamu wengi hatulifanyi: mwaka 1958 alinunua nyumba katika kitongoji kipya cha Levittown huko New Jersey, akahamia, akaishi humo kama mkazi kwa miaka miwili akichunguza. Wakati ule wasomi wa mijini walikuwa wakivikebehi vitongoji hivyo, wakisema vinazalisha watu wapweke wanaofanana kama matofali. Gans aliwakuta watu wengi wameridhika, wanatembeleana kuliko walikotoka, na uchovu wa ukimya haukuwa ugonjwa wa kawaida kama ulivyosemwa. Lakini alikuta makundi mawili yaliyoumia. Moja ni wanawake waliozoea kuishi karibu na mama zao na ndugu zao, sasa wako mbali nao. Jingine ni vijana wa umri wa mwanao mkubwa.

Naam, huyo wa miaka 14 ndiye ninayemhofia katika barua yako, kuliko hata mama. Mtoto wa miaka 7 atakushukuru. Barabara isiyo na magari ya kupita ni kiwanja, na watoto wa mtaa mmoja wanajuana kabla wazazi hawajapeana majina. Mpangaji wa miji Clarence Perry, alipoeleza mwaka 1929 wazo lake la mtaa unaojitosheleza, aliiweka shule ya msingi katikati, karibu kiasi kwamba mtoto anaenda kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Ukiupata mtaa wenye hilo, mtoto wako mdogo ataishi utoto mzuri na wewe utapumua. Kagua tu barabara hiyohiyo wakati wa jioni, wenye magari wanaporudi. Kimya huwatia madereva ujasiri, na kwenye barabara pana na tupu mguu unakuwa mzito.

Kijana yuko mbali na hayo. Kiwanja cha mbele ya nyumba hakimtoshi. Anachotaka ni kwenda mahali, mbali kidogo na macho yenu, kwa uamuzi wake, na kurudi mwenyewe. Mjini anaweza. Pembezoni, bila basi la uhakika, kila anachotaka kinapitia kwako: nipeleke, nifuate, naomba. Wazazi huja kunilalamikia kwamba kijana wao amekuwa mkali au amejifungia chumbani na simu tangu wahame. Mara nyingi nikiwauliza basi la mwisho linapita saa ngapi, hawajui. Kijana anajua. Kama nyumba ile iko dakika 10 kwa miguu kutoka kituo chenye basi linalopita hadi usiku, nusu ya hofu yangu inaondoka. Kama hakuna, andikeni kabisa nani atampeleka na nani atamfuata, siku zipi, kwa sababu msipoandika dereva atakuwa wewe.

Hilo linatufikisha kwenye safari yako mwenyewe. Hujaniambia unafanya kazi wapi, nami nachukulia ni mjini. Watafiti wawili, Yacov Zahavi katika miaka ya 1970, na Cesare Marchetti baadaye mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa sehemu na nyakati mbalimbali hutumia kwa wastani kama saa moja kwa siku safarini, kwenda na kurudi. Vyombo vikienda kasi zaidi, watu hawapunguzi muda. Wanahamia mbali zaidi. Ukiona safari yako mpya itakuwa saa moja kwenda tu, umeshatoka nje ya kile ambacho watu wengi hukivumilia kwa muda mrefu.

Wanauchumi Bruno Frey na Alois Stutzer, wakitumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu za kazini hawakuwa wameridhika na maisha kama wenye safari fupi, hata baada ya kuhesabu nyumba na mishahara ambayo ilitakiwa kuwafidia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wa Texas waliokuwa wakifanya kazi waisimulie siku yao ya jana, tendo kwa tendo, na jinsi walivyojisikia. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ndiyo iliyoshika mkia. Ninavyoona mimi, sababu ni kwamba chumba cha ziada unakizoea ndani ya miezi michache, hukioni tena, lakini foleni ina sura mpya kila siku. Leo ni ajali, kesho ni mvua. Kitu kisichotabirika hakizoeleki.

Kuna na vijisafari vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu. Betri imekwisha, daftari la mtoto limejaa, kitasa kimevunjika. Hapo mlipo mnashuka ngazi. Kule kila kimoja ni safari. Wakazi wazoefu wa viungani utawajua kwa jambo hili: wana orodha ukutani na kabati la akiba, na mmoja akitoka huwauliza wengine kama wanahitaji kitu. Miezi mitatu ya mwanzo utakasirika sana na wewe mwenyewe kwa kusahau vitu. Baadaye unakuwa na nidhamu ambayo hukuwahi kuwa nayo, na mume wako atadhani ni yeye aliyekufundisha.

Usalama hukuuliza, ila najua utauliza. Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani wa mambo ya miji, aliandika mwaka 1961 kwamba kinacholinda mtaa ni macho ya watu walio na sababu zao za kuwapo: mwenye duka, anayekaa dirishani, mpita njia. Mtaa wa kimya una macho machache, hasa mchana. Upande wa pili, macho hayo machache yanajuana, na mgeni anaonekana haraka, wakati mjini mgeni ni kila mtu. Kwa hiyo yote yanategemea kama mchana kuna watu waliobaki. Wastaafu, wazazi wenye watoto wachanga, wanaofanya kazi nyumbani: hao ndio walinzi wa kweli wa mtaa. Mama yako atakuwa mmoja wao, na hilo mwambie, huenda likampa cheo. Kuta ndefu zina kasoro yake: zinamzuia mwizi kuingia, na akishaingia zinamficha.

Je, mhame? Kwa ulivyoniandikia, naegemea kusema ndiyo, kwa masharti mawili. Safari yako ya kazini isipite dakika 45, na kijana awe na usafiri wake usiokupitia wewe. Likikosekana moja, tafuteni mtaa wa kimya ulio ndani zaidi ya mji. Ipo. Miji mingi ina vijitaa vya nyuma, mtaa wa pili au wa tatu kutoka barabara kuu, vilivyofunikwa na majengo ya mbele, ambavyo kwa desibeli havitofautiani sana na pembezoni. Watu hawavifikirii kwa sababu wakisikia kimya wanawaza mbali. Kwa mama na kijana wako huenda huko ndiko kunakofaa zaidi, hata nyumba ikiwa ndogo kwa chumba kimoja.

Mkiamua ile ya pembezoni, nendeni kule mara nne kabla ya kulipa: asubuhi ya siku ya kazi watu wanapotoka, saa tano mkiwa na mama, jioni wanaporudi, na usiku baada ya saa nne. Mara moja kati ya hizo nendeni kwa usafiri wa umma, mtoke hapo mlipo hadi mlangoni kule, bila kuazima gari la mtu. Na mara nyingine mvua iwe imenyesha. Ukimkuta mtu nje, msalimu umuulize amekaa hapo miaka mingapi na waliotangulia kwenye nyumba ile walihama kwa nini. Hilo la pili watu huona aibu kuliuliza, na majirani hulijibu kwa furaha.

Siku ya kuhamia, kabla ya kufungua maboksi, gonga milango mitatu: wa kulia, wa kushoto, na unaotazamana na wako. Mpeleke mama mbele. Kijana wako mpe kazi ya kwenda kusoma ratiba kituoni na kurudi na saa ya basi la mwisho, ingawa nahisi ataitaja bila kwenda.